Mkono Uliokwenda Sikioni

Mwanangu, bado nawakumbuka wote waliokuwa chumbani mwetu kule Kabiria, Nairobi, Jumapili ile. Nilikuwepo mimi, Kimani, fundi wa vitanda. Alikuwepo dada yangu Wairimu, mwanafunzi wa udaktari, ambaye kesho yake angeanza majuma manne ya kujifunza kuwalaza wagonjwa kwa dawa wakati wa upasuaji. Alikuwepo Njoroge, kitinda mimba wetu, wa kidato cha tatu. Na alikuwepo jirani yetu Mama Mwende, mtu wa Machakos, ambaye alikuwa amefua mashuka ya hospitali hadi akastaafu. Wazazi wetu walikuwa wamefariki nikiwa darasa la nane. Hapo ndipo nilipoacha shule nikashika msumeno.

Wairimu hakutulia siku ile. Alikuwa amebandika karatasi ukutani, juu ya jiko, kwenye mlango, kila moja ina orodha ya dawa. Alizisoma akitembea, na chumba chenyewe kilikuwa hatua nne tu, kwa hiyo alikuwa akigeuka kila mara kama mtu aliyefungiwa. Halafu akamlaza Njoroge kitandani, akamfunika pua na mdomo kwa mfuniko wa jagi, vidole vitatu chini ya taya, akainua.

"Usisonge. Nataka nishike hivi mpaka chai ichemke."

"Daktari, ukinivunja taya nitatafuna githeri na nini?" Njoroge akasema chini ya mfuniko.

"Mgonjwa aliyelala haongei."

"Huyu wako hata hajalipwa."

Mimi nilicheka, lakini moyo wangu haukuwa pale. Alhamisi ya juma lile nilikuwa nipasuliwe henia niliyoipata kwa kubeba makabati, tena katika hospitali ileile aliyokuwa amepangiwa Wairimu. Tarehe hiyo nilikuwa nimeingoja miezi. Mawazo yalikuwa yananizunguka: nani atamaliza kitanda cha mteja, nani atamwangalia Njoroge, nikilala na nisiamke itakuwaje.

Wairimu akamwachilia Njoroge, akanikalisha mimi. Sasa alitaka kujizoeza maswali. Una jino linalocheza? Unatumia dawa gani? Umewahi kupasuliwa? Nikajibu moja baada ya jingine. Kisha akauliza, "Mara ya mwisho umekula lini?"

"Saa saba. Nilikula kazini."

Hakuandika. Aliniangalia kwa muda, akamtazama Mama Mwende, na Mama Mwende akainamia kikombe chake. Sikuelewa waliona nini. Wairimu akaleta sahani ya ugali akaiweka mbele yangu, nami nikaimaliza yote. Ukweli ni kwamba sikuwa nimekula tangu asubuhi.

Nikueleze, mwanangu. Miaka yote ile, chakula kilipokuwa kidogo, nilikuwa nikirudi nyumbani nasema, "Nyinyi kuleni, mimi nimekula kazini." Neno hilo nililisema hata siku za shibe, likawa kama salamu. Niliamini hawajui.

Alhamisi ikafika. Nilikuwa nimeambiwa nisile wala kunywa tangu usiku. Kulipopambazuka sikuweza kukaa. Nikasema nipite kwanza kwenye banda letu la useremala, mtaa wa Jamhuri, nikawaonyeshe wenzangu kile kitanda. Nilipofika nikashika randa mwenyewe. Wenzangu wakaninyang'anya, wakanikalisha kwenye benchi.

"Buda, utapasuliwaje na tumbo tupu?" mmoja akaniuliza. "Hata gari halipelekwi gereji bila mafuta."

Nikaona ana akili. Nikanywa chai kikombe kizima na mandazi mawili. Nilijiambia daktari alikuwa anaongea juu ya chakula kizito.

Hospitalini nikavalishwa gauni la kijani, nikalazwa kwenye kitanda cha magurudumu nje ya chumba cha upasuaji. Mama Mwende alikuwa amenisindikiza, amekaa kwenye benchi karibu. Daktari wa usingizi akaja, mzee mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni. Nyuma yake alisimama Wairimu na karatasi zake. Hiyo ilikuwa siku yake ya nne tu.

"Bwana Kimani, mara ya mwisho umekula lini?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba aliyekula hapasuliwi siku hiyo. Nikaona tarehe yangu inaondoka, nangoja miezi mingine na maumivu yaleyale.

"Jana jioni, daktari."

"Hata chai leo asubuhi?"

"Hata chai."

Mzee akainua kalamu aandike. Wairimu akasema, kwa sauti iliyokuwa ikitetemeka, "Daktari, naomba kusema. Huyu ni kaka yangu. Amekula."

"Ulimwona?"

"Sikumwona. Lakini akidanganya juu ya chakula, mkono wake huenda sikioni. Anatafuta penseli yake ya kazi, ile anayoichomeka hapo. Amefanya hivyo tangu nikiwa mdogo. Amenilea kwa uongo huo."

Mwanangu, nilitazama mkono wangu. Ulikuwa sikioni. Penseli haikuwepo, nilikuwa nimeiacha nyumbani pamoja na nguo zangu za kazi, lakini mkono ulikuwa umeifuata palepale.

Daktari akasubiri, hakunikemea. Nikasema, "Chai. Na mandazi mawili." Akafuta jina langu kwenye orodha ya siku hiyo.

Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika. Nilivaa nguo zangu nikimwambia Mama Mwende kwamba mtoto niliyemlea ameniita mwongo mbele ya watu. Mama Mwende alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Kimani, kaa hapa. Mimi nimefua mashuka ya chumba hicho miaka mingi. Unajua mtu akilala kwa dawa, koo lake linalala pia? Chai yako ingepanda, ikaingia kwenye mapafu, na wewe huwezi hata kukohoa. Kuna mashuka niliyoletewa asubuhi, na aliyeyalalia alikuwa ameingia akicheka na watu, hakuamka tena. Ulitaka huyo msichana anyamaze ndio umwite mtoto mwema?"

"Angeniita kando, Mama."

"Kando gani, na kalamu iko hewani? Wewe ulipodanganya ulienda kando?"

Nilifunga kamba za viatu, nikainuka. Kiburi hakiishi kwa kukosa jibu. Nilirudi Kabiria, na kwa siku tisa sikuzungumza na Wairimu. Alikuwa akirudi jioni, miguu imevimba kwa kusimama, ananisalimu, nami nageukia ukuta. Alikula peke yake, karatasi zake mikononi. Siku ya kumi nilimwambia tu anipitishie chumvi, na tukaendelea kama watu ambao hawajakosana.

Juma lake la mwisho pale nikaitwa tena. Safari hii nilikuwa nimefunga kweli. Kitu cha mwisho nilichohisi kabla ya usingizi kilikuwa vidole vitatu chini ya taya yangu, vimeshika imara, daktari mzee akisema, "Vizuri, shika hivyohivyo." Nilipoamka, vilikuwa vimenishika mkono.

Basi wewe unayejiandaa kuingia chumba hicho, nakuambia haya. Dozi utazisoma, na kushika taya utajifunza. Lakini unapomuuliza mgonjwa kama amekula, usiulize huku unaandika. Inua macho. Anayekudanganya si lazima awe mtu mbaya. Huenda anaogopa kupoteza tarehe yake, huenda maisha yake yote amekuwa akidanganya ili wengine washibe. Muulize mara ya pili, polepole, umngoje. Ukijua si kweli, sema palepale, hata kama ni mkubwa wako, hata kama sauti inatetemeka. Atakasirika. Mwache akasirike akiwa hai.

Na ukiwa wewe ndiye uliyelala pale, jibu unaloulizwa.

Mungu aifanye mikono yako kuwa myepesi na macho yako yasichoke, na kila utakayemlaza aamke akiita jina la mtu wake.

Wairimu sasa anafanya kazi hiyohiyo mbali na Nairobi. Hunipigia simu kila Jumapili, na kabla ya kitu kingine huniuliza, "Kaka, umekula?" Namjibu ukweli, nikiwa nimekula au sijala. Lakini kwa zile siku tisa sijawahi kumwomba msamaha. Kila Jumapili nasema leo nitamwambia, kisha tunaongea habari za mvua, tunaagana. Hilo deni bado liko kwangu.