Dada Alivyoacha Sukari

Dada yangu alipenda chai tamu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Alitia sukari, akakoroga, akaonja, akakunja uso, akatia tena, na waliokuwa wakimtazama walianza kucheka kabla hajamaliza. Tulikulia kwenye kambi ya wakimbizi, upande wa Tanzania, ambako sukari ilifika kwa nadra na ikaisha upesi. Nadhani hamu ile ya utotoni haikumtoka. Mama yetu alifariki tukiwa bado huko. Dada alikuwa na umri wa kuteka maji na mimi nilikuwa mdogo wa kumfuata nyuma nikishika nguo yake, kwa hiyo yeye ndiye aliyenilea.

Tuliporudi Burundi tulitawanyika. Mimi niliolewa Gitega, nikakaa mtaa wa Musinzira, na hadi leo nashona nguo huko. Yeye aliolewa Muyinga na mkulima ambaye naye alikuwa amekulia kambini, mtu mpole, mwenye maneno machache. Walilima maharage na mihogo. Kazi za shamba zilipopungua, dada alikwenda Kobero, mpakani, akawauzia chai na maandazi madereva wa malori waliokuwa wakisubiri kuruhusiwa na forodha. Sukari ilipoadimika nchini, jambo ambalo hutokea mara kwa mara, kulikuwa na mwenye duka mjini Muyinga, Mwislamu ambaye babu zake walitoka India, aliyemfichia mfuko wake nyuma ya magunia ya mchele. Alimwambia, "Dada, wengine nimewaambia imekwisha. Chukua uende haraka."

Uvimbe aliugundua akioga. Ulikuwa titini, mgumu, hauumi. Kwa sababu hauumi alinyamaza nao tangu kupanda hadi kuvuna. Shemeji alipomleta kwangu Gitega, ngozi ilikuwa imeanza kujikunja kama ganda la chungwa. Hospitalini walikata kipande kidogo wakakipeleka Bujumbura, tukangoja, na jibu lilipokuja tukaambiwa ni kansa. Walimtoa titi lote. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuchoka, alitueleza kwamba upasuaji peke yake hautoshi, kuna dawa za kufuata, na dawa hizo hazikuwepo hapo. Tungeitwa Bujumbura nafasi ikipatikana.

"Mrudi nyumbani," akasema. "Tutawapigia."

Basi dada alirudi Muyinga na simu yake akaifunga kwenye ncha ya kitenge, ili isilie akiwa mbali nayo.

Simu haikulia. Kilichokuja badala yake ni sauti iliyorekodiwa. Mtu wa kikundi chao cha maombi alimtumia, naye alikuwa ametumiwa na mwingine, na huyo na mwingine. Nilikuja kuisikia mwenyewe baadaye. Ni mwanaume anaongea Kiswahili kizuri, polepole, hana wasiwasi hata kidogo. Anasema kansa haina chakula kingine duniani ila sukari. Anasema hospitali zinajua na zinaficha. Mwenye kuacha sukari, na kila kinachogeuka sukari tumboni, ataiua kansa kwa njaa kama panya aliyefungiwa kwenye ghala tupu.

Nilimpigia dada nikamwambia asiisikilize. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

"Mdogo wangu, wote mnaniambia nisubiri. Daktari anasema subiri, mchungaji anasema subiri, na wewe unasema subiri. Huyu ni wa kwanza kunipa kazi ya kufanya."

Alianza na chai. Aliinywa chungu, bila kukunja uso. Kisha akaacha ndizi, mbivu na za kupika. Akaacha viazi vitamu, uji, wali, ugali. Mwishowe akaacha hata maharage, kwa sababu aliyanusa yakiiva akahisi yana utamu. Zikabaki lengalenga, yaani mchicha, na kabichi, na ndagala, wale dagaa wa ziwani, wachache walipopatikana. Shemeji alimsaidia kwa moyo wote. Alitoa vitu vitamu nyumbani ili visimtamanishe, akala alichokula mkewe, na watoto nao wakala hivyo hivyo. Mwenye duka alishangaa kutomwona, akamuuliza shemeji sokoni, na alipoambiwa alisikitika.

"Mama yangu aliugua ugonjwa huo huo," alimwambia. "Tulimpa tende hadi mwisho. Mpeni dada chakula."

"Na mama yako alipona?" shemeji akamuuliza.

Mwenye duka alitikisa kichwa. Shemeji mwenyewe ndiye aliyenisimulia hayo, na aliyasimulia kama mtu aliyeshinda kesi.

Mwanzoni alionekana kupata nafuu. Alisema mwili ni mwepesi, tumbo halijai, kichwa kimetulia. Wanawake wa kanisani walimsifu kwa nia yake. Nami niliyekuwa Gitega nilianza kujiuliza kama sikuwa mjinga, kwa vile sauti yake kwenye simu ilikuwa na furaha ambayo haikuwepo tangu alipopasuliwa. Halafu siku moja akaniambia kidonda cha upasuaji, kilichokuwa kimefunga, kimefunguka tena. Nikapanda gari kwenda Muyinga.

Nilimkuta ameketi kwenye mkeka mbele ya nyumba, anachambua mboga. Alipoinua uso nilimwona mama. Simaanishi kwamba walifanana. Namaanisha mama yule wa mwisho, wa kambini, mifupa ya mashavu na macho makubwa. Nguo niliyomshonea mwenyewe ilimning'inia kama imeanikwa. Nikakaa chini nikachambua mboga pamoja naye.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Mimi nakonda, na kansa nayo inakonda. Tunaangalia nani atakufa kwanza."

Nilibishana na shemeji hadi akakubali nimchukue. Tulikwenda wote watatu Gitega. Daktari yule yule alimpima uzito, akatazama mashine, akatazama tena, akamsaidia kushuka taratibu. Akauliza anakula nini. Dada alimweleza yote bila kuficha, kwa fahari, akihesabu kwa vidole vyakula alivyoviacha. Daktari alivua miwani.

"Bon, mama, sikiliza," akasema. "Mwili yako yote inatumia sukari. Ubongo, moyo, vyote. Kansa nayo inatumia, hiyo ni kweli. Lakini we hauwezi kuifungia mlango kansa peke yake. Ukiacha kula, mwili inachukua nyama yako, inaigeuza sukari. Donc, kansa iko inapata chakula yake tu. We ndiye hupati."

Dada alitazama mikono yake iliyokuwa mapajani.

"Kwa hiyo nimekuwa nikiilisha nyama yangu mwenyewe," akasema.

Daktari aliishika mikono ile. Alisema ale kila anachoweza, mayai, uji wa maziwa, maharage, na chai yake aitie sukari kama roho inataka. Hapo shemeji, ambaye alikuwa amesimama mlangoni, aliuliza swali ambalo naamini alikuwa amelibeba muda wote.

"Dogiteri, ile sukari yote aliyokuwa anakula zamani, ndiyo iliyoleta ugonjwa?"

"Sijui nini ililetea huyu mama ugonjwa," daktari akasema. "Pombe inaweza kuongeza hatari. Unene mkubwa nao, na ukila tamu sana miaka mingi unaweza kunenepa. Lakini yeye hakunywa, hakuwa mnene. Wengine inawapata tu."

"Inawapata tu," shemeji akarudia.

Nilimwona anavyofunga uso. Yule wa kwenye simu alijua kila kitu, na huyu aliyesoma miaka mingi anasema hajui. Nilielewa tangu pale kwamba daktari amempoteza, ingawa ndiye aliyesema kweli.

Picha za kifua zilionyesha ugonjwa umeshaingia mapafuni. Nilimuuliza daktari pembeni kama ni njaa iliyofanya hivyo. Akasema pengine ugonjwa ungefika huko hata kama dada angekula vizuri kila siku, na pengine ulikuwa huko tangu kabla ya kupasuliwa. Nikamuuliza kama dawa za Bujumbura bado zinawezekana. Akasema kwa uzito ule hangempa mtu dawa hizo, zingemuua.

Shemeji alirudi Muyinga kwa watoto, nami nikabaki na dada kwangu Musinzira. Kwanza alitaka kula. Aliomba viazi vitamu, nikachemsha, akashika kimoja kwa mikono miwili, akanusa, akauma, akatafuna sana, akakitema kwenye kitambaa akaniomba radhi. Koo lilikataa. Nilimpikia uji mwepesi, nikamkaangia yai, nikamkamulia umutobe, ile juisi ya ndizi isiyochacha ambayo zamani angeweza kunywa kibuyu kizima. Alisema una ladha ya bati. Chai nilimtilia sukari mbele ya macho yake, nikaongeza, nikaongeza, naye akanywa kidogo akaweka kikombe chini.

"Imekolea?" nikamuuliza.

"Sijui," akasema. "Siisikii."

Alilia siku ile, na kwa ugonjwa wote ndiyo mara pekee niliyomwona akilia. Hakulilia titi wala mapafu. Alisema alikuwa akijituliza na wazo moja, kwamba akipona atakunywa chai, na akishindwa atakunywa chai vilevile, na sasa hata hicho hakipo.

Alifariki asubuhi moja ya mvua, nikimbadilisha nguo. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba nilimgeuza kwa mkono mmoja, na nilikuwa naendelea kumsemesha, namwambia ainue bega, kabla sijajua kwamba amekwisha kwenda.

Tulimzika Ryansoro, kwenye kipande cha shamba ambacho baba yetu alikiacha alipokimbia na ambacho ndugu walikuwa wametugawia tuliporudi. Watu wa Muyinga walikuja kwenye malori, wanawake wa kikundi cha maombi pia. Tulipokuwa tumekaa baada ya maziko, shemeji alisimama kuwashukuru waliokuja. Aliongea vizuri. Kisha, bila kupandisha sauti, akasema mke wake alikuwa na nguvu alipokuwa nyumbani kwake, anatembea, anachambua mboga. Akasema alipopelekwa Gitega akaanza kupewa uji na chai ya sukari, hakudumu. Hakunitaja. Hakuwa na haja. Vichwa vya wanawake wale viligeuka vyote kunitazama, na mmoja akafunika mdomo kwa ncha ya kitenge.

Nilitaka kusimama. Nilikuwa na maneno yote ya daktari kichwani, nyama inayogeuka sukari, mapafu, uzito. Lakini nilimtazama yule mwanaume, aliyekula kabichi pamoja na mkewe kwa miezi, aliyeondoa chakula kitamu kinywani mwa watoto wake, nikajiuliza, nikishinda mimi, yeye atabaki na nini. Na ndani yangu, nisiseme uongo, kulikuwa na sehemu ndogo iliyouliza, je, kama anasema kweli? Sehemu hiyo bado ipo. Najua kuwa ni ya uongo, na bado naisikia.

Matanga yalipoondolewa, nilikwenda Muyinga kuwaona watoto. Shemeji alinikaribisha kwa heshima, akanitolea kiti, akaniuliza habari za safari. Nilikuwa nimechukua biskuti na maziwa ya unga. Alivipokea kwa mikono miwili, akaviweka juu kabisa ya kabati, na havikushuka. Chakula kilipoletwa kilikuwa lengalenga zilizochemshwa. Binti yao wa mwisho, ambaye bado hajaanza shule, alikaa karibu yangu. Nywele zake zilikuwa zimefifia rangi, nyekundunyekundu, na shingo imekuwa nyembamba.

"Shemeji," nikasema, "huyu ni mtoto. Anakua. Mpe ugali, mpe ndizi, mpe maharage."

"Ni damu ya mama yake," akasema. "Nisipomlinda mimi, nani atamlinda?"

"Unamuua."

Alitikisa kichwa, wala hakukasirika. Macho yake yalikuwa na woga mtupu, woga wa mtu aliyeambiwa kwamba ugonjwa humpata mtu tu, asiweze kuishi na neno hilo. Nilimweleza tena, kwa Kiswahili na kwa Kirundi. Nilimwomba ampeleke mtoto kituo cha afya. Akasema atafikiri. Nilijua maana yake.

Mtoto alinisindikiza hadi barabarani akinishika kidole. Tuliposimama kungoja gari aliniuliza, "Mama mdogo, mama alipokuwa kwako alikula nini?"

"Alikula kidogo sana," nikamwambia. "Alikuwa hawezi."

Aliridhika, kama aliyesikia mama yake akisifiwa. "Hata mimi nakula kidogo," akasema.

Niliinama nimwambie asifanye hivyo, nimwambie mama yake alitaka kula na akashindwa, lakini baba yake alimwita kutoka uani, naye akaniachia kidole akakimbia.