Ukoo Mzima na Figo Moja

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu figo za mume wangu, Projestus, zilikuwa zimegoma, na daktari alikuwa ametuonya tusiigeuze mashine ya kusafisha damu kuwa nyumba ya pili. Alihitaji figo ya ndugu. Nilijitolea mimi kwanza. Nikapimwa, nikaambiwa kwa upole kwamba ndoa, hata ikidumu vipi, haifananishi miili.

"Jeni za kinga ndizo zinazotofautiana mno kati ya watu," daktari alinieleza, "na Waafrika tunatofautiana kuliko wote. Zinaweka alama kwenye chembe za mwili, ili kinga imjue mwenyeji na mgeni. Tungekuwa na alama zilezile sote, ugonjwa mmoja ungeweza kutumaliza."

Nilimshukuru. Ni faraja kubwa kujua kwamba kilichowaokoa binadamu ndicho kinachomnyima mumeo figo.

"Nenda kijijini kwetu, Kishanda," Projestus aliniambia. "Ukoo wetu ni mkubwa, na sisi ni damu moja." Dada yake wa pekee, Kemilembe, hakumtaja. Walikuwa hawasemezani tangu baba yao afariki. Kemilembe aliomba sehemu ya kibanja, yaani shamba la urithi la migomba na kahawa, akajibiwa na kikao cha ukoo kwamba binti aliyeolewa ni mtu wa kwa mumewe.

Bukoba nilifika asubuhi, ndege ikatua kando ya ziwa huku manyunyu yakianguka. Mume wangu ni Mhaya, mimi ni Mpare. Tunataniwa nchi nzima kwa ubahili, kwa hiyo nilikuwa na hamu ya kuona wakarimu wanavyotoa figo. Kwenye basi la Muleba, jirani yangu, mwalimu mstaafu, aliniuliza nimesoma chuo gani kabla ya kuniuliza jina. Nilipomjibu kwamba nafundisha baiolojia alitikisa kichwa kwa huruma, akanieleza baiolojia kwa Kiingereza hadi nikashuka.

Muleba mjini nilipokelewa na Ta Sosthenes, baba mdogo wa Projestus na mkuu wa ukoo.

"Nyegera waitu, mukamwana!" alinikaribisha mimi mkwe wao, akinipa punje za kahawa za kutafuna. "Figo moja tu? Utachagua mwenyewe!"

Kishanda, kesho yake, kikao kilijaa. Rubisi, pombe yao ya ndizi, ilizunguka, na wanaume wakasimama mmoja mmoja kujitolea. Ta Sosthenes aliwapanga kwa ukubwa wa matawi yao ndani ya ukoo. Ushahidi wake wa kufanana ulikuwa mmoja: wote wana mwiko wa kula mnyama yuleyule wa porini. Nyuma, jikoni, wake zao walikuwa wakimenya ndizi. Kila mmoja wao ametoka ukoo mwingine, maana Mhaya haoi ndani ya ukoo wake.

"Baba," nilisema, "nusu ya alama hizi mtoto huzipata kwa mama yake. Hawa vijana wana mama tofauti, wa koo tofauti. Afadhali tuanze na anayechangia na Projestus baba na mama."

Kicheko kilisikika jikoni. Kikaoni hakucheka mtu.

"Mukamwana," Ta Sosthenes alisema taratibu, "hayo ni ya darasani. Hapa mtoto ni wa baba. Na huyo unayemsema ni mtu wa Ngenge, kwa mumewe."

Basi wakaenda Bukoba wale wa kwanza kwenye mstari, wakatolewa damu, ikapelekwa Dar. Tulisubiri tukila matoke kwa maharage na kupongezana. Majibu yalipokuja, hakufaa hata mmoja. Wengine kundi la damu lilikataa, wengine alama zilikuwa mbali, na yule aliyejigamba kuliko wote aligundulika kuwa na kisukari.

"Hiyo mashine imetengenezwa wapi?" Ta Sosthenes aliuliza.

Mimi sikuwa na hamu ya utani tena. Niliogopa. Nilimwona Projestus akifa katikati ya ndugu wote hao waliokuwa tayari kumsaidia.

Ngenge nilikwenda kwa pikipiki bila kumuaga mtu. Kemilembe nilikuwa nikimfahamu kwa picha tu. Nilimkuta anapukuchua mahindi na mumewe. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ta Sosthenes anajua umekuja?"

"Hajui."

"Na kaka yangu?"

"Naye hajui."

"Vizuri. Wangejua wangeitisha kikao." Aliendelea kupukuchua. "Wifi yangu, nilipoomba kibanja nilikuwa mtu wa Ngenge. Leo figo yangu ni ya wapi?"

Nililia. Mumewe alisema mwili ni wa mwenyewe, aamue mwenyewe.

"Sitauza figo kwa migomba," Kemilembe alisema hatimaye. "Nitapimwa kwa sababu mimi na Projestus tumenyonya ziwa moja. Kibanja nitakidai kwa mdomo wangu."

Tulirudi Dar pamoja. Vipimo vilionyesha kwamba alichopata Projestus kwa baba na kwa mama, Kemilembe alikipata kilekile, alama kwa alama. Projestus aliposikia alijifunika shuka usoni, na dada yake akamwacha alie.

Baada ya upasuaji, figo ikifanya kazi, Ta Sosthenes alipiga simu.

"Nilisema mimi! Ukoo huu haushindwi. Mwambieni Kemilembe tunamshukuru kwa kutoa figo yetu."

Projestus aliomba simu. Sauti yake ilikuwa bado dhaifu.

"Baba mdogo, kama figo ni ya ukoo, mwenye figo naye ni wa ukoo. Itisha kikao, apewe sehemu yake ya kibanja."



"Mtandao wa huku Kishanda ni mbaya sana," alisema Ta Sosthenes, akakata.

Kemilembe amefungua kesi Muleba, na shahidi wake wa kwanza ni kaka yake. Nami nimejifunza kitu cha kuwafundisha wanafunzi wangu: hata figo ya dada, mwili huihesabu kuwa mgeni kwa tofauti ndogo zilizobaki, ndiyo maana Projestus anameza vidonge kila siku ili kinga yake itulie. Vidonge vya kutuliza kikao cha ukoo bado havijatengenezwa.