Mbuzi Kumi na Mmoja Katika Ofisi ya Maji

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya maji hapa Lodwar, nimetumwa na shangazi kuulizia bili, mara mama mmoja akaingia akivuta mbuzi kwa kamba.

"Mama, mbuzi abaki nje," karani akasema.

"Huyu ni wa kulipia bomba ya shule yetu. Wengine kumi wako nje. Kila boma imetoa mmoja."

Karani akaweka kalamu chini. "Sisi tunapokea pesa tu, tena kwa simu."

"Na pesa inatoka wapi? Si kwa mbuzi?"

Foleni nzima ikacheka, isipokuwa mwenye hoteli ya nyama aliyesimama nyuma yangu. Alitoka, akawapapasa mbuzi migongo mmoja mmoja, akarudi na simu mkononi. "Nachukua wote. Karani, mpe mama fomu."

Mama hakuachilia kamba mpaka malipo yalipoingia. Muhuri ulipogonga ile fomu, tulipiga makofi kama harusini.

Nilipochungulia jina la shule, moyo uliruka. Ndiyo niliyoiacha darasa la sita! Kila asubuhi sisi wasichana tulichimba mchanga wa laga, ule mto mkavu, kutafuta maji ya uji wa shule, na masomo yakatupita.

"Mama, hata sisi wakubwa tunaweza kurudi?"

Akanipima kwa macho. "Maji ikija yenyewe, nani atakutoa darasani?"

Nilikimbia mpaka nyumbani. Shangazi akauliza habari za bili. Bili gani?