Kichuguu cha Jirani na Mti wa Amla

Kilichoninyima usingizi wiki ile hakikuwa mdudu. Mdudu nilikuwa nimeshamkamata, yumo ndani ya kibiriti juu ya meza yangu. Kilichonikesha ni hiki: nikiutibu mti kimya kimya, ukapona, nani atajua kwamba kichuguu cha mjane jirani kilichimbwa bure?

Nilikuwa bwana shamba mpya wa Busia, miezi michache tu tangu nitoke chuoni. Ilikuwa miaka ile ya kwanza ya Uhuru, kijana mwenye cheti akisikilizwa hata na waliomzidi umri mara tatu. Mwenye duka mmoja karibu na kizuizi cha mpaka aliniita nyuma ya duka lake niuone mwenyewe, kama mtaalamu, mti wa amla, ule wa Wahindi wenye matunda madogo ya kijani, machachu mpaka taya zinakaza. Marehemu mamake aliupanda kwa mbegu kutoka Bara Hindi, na kila mwaka walitengeneza achari ya matunda yake. Sasa matawi yalikuwa yanakauka kuanzia ncha, na shina limejaa njia za rangi ya udongo.

"Bwana shamba, dawa iko?"

"Ni mchwa," nikasema, kabla sijagusa. Ng'ambo ya ua, hatua chache tu, kilisimama kichuguu.

Kisha nikagusa. Haukuwa udongo. Ulikuwa unga wa magome uliotafunwa, umeshikwa pamoja na nyuzi laini kama za buibui. Nikajifuta mkono kwenye suruali. Neno nilikuwa nimeshalitoa.

Kichuguu kilikuwa cha mjane jirani. Kwetu kichuguu kina mwenyewe, kama ng'ombe. Alikipata kwa mumewe, na mumewe kwa babake. Kila mwaka mvua za masika zilipoanza, alikifunika kwa matawi na blanketi kuukuu, akapigapiga vijiti chini kuiga mvua, na kumbikumbi wakatoka kwa maelfu. Aliwala, akakausha, akauza sokoni.

"Mwanangu," aliniambia penye ua, nilipotaka kichuguu kichimbwe, "mchwa wangu hawali mti mbichi. Wanakula ile imekufa."

"Mama, kitaalamu, mchwa huanza na mizizi."

"Hiyo kitabu yako imewahi kuonja kumbikumbi?"

Wachukuzi wa duka wakaangua kicheko. Nadhani kicheko kile ndicho kilichoniharibu. Ningeweza kurudi kwenye shina nikaangalia tena, dakika mbili tu. Badala yake nikasema serikali haiwezi kuacha mti wa matunda ufe kwa ajili ya wadudu. Niliitaja serikali. Mama akasogea kando.

Wachukuzi walichimba tangu asubuhi hadi alasiri, wakamtoa malkia, mnene kuliko kidole gumba. Mama akamweka juu ya jani akamtazama.

"Huyu alikuwa hapa kabla sijaolewa," akasema.

Masika yakaja. Kila boma nililopita nilisikia vijiti vikigonga. Mjane nilimkuta ameketi kwenye kigoda mlangoni pake, akitazama shimo lililojaa maji. Nilimsalimia, akaitikia vizuri tu. Heri angenitukana.

Siku chache baadaye upepo uliangusha tawi la amla. Lilikuwa limevunjika penye tundu, na ndani ya tundu alikuwamo kiwavi wa kahawia, nikamtia kwenye kibiriti. Mchana hujificha humo. Usiku hutoka kutafuna gome chini ya ule utando wake.

"Tawi moja tu, bwana shamba," mwenye duka alinifariji. "Mchwa imekwisha, mti itapona."

Uongo ulikuwa tayari, nimetengenezewa na mtu mwingine. Nilijiambia kuungama hakutamrudisha malkia. Nilijiambia watu hawatanisikiliza tena kuhusu mahindi yao, na watakaoumia ni wao. Kila sababu ilikuwa nzuri, na zote zilinifaa mimi.

Jumamosi nikaenda kwa mjane kwanza. Nilimkuta analima.

"Mama, naomba uje uone kitu."

Alikuja na jembe lake begani. Mbele yake, mbele ya mwenye duka na wachukuzi wale wale, niliukwangua utando, nikaingiza waya ndani ya tundu, nikamvuta kiwavi nje.

"Huyu ndiye anayekula mti," nikasema. "Mchwa wa mama hawakuugusa. Aliniambia. Na siku ile ile niligusa shina nikajua si udongo, nikanyamaza."

Mama akamsogelea kiwavi, akamgeuza kwa kijiti.

"Sasa msimu huu nikule huyu?"

Nilingoja kicheko. Hakuna aliyecheka. Nikachovya pamba kwenye mafuta ya taa, nikaisukuma ndani ya tundu la kwanza, nikaliziba kwa udongo, wote wakinitazama.