Mkanda wa Cherehani ya Wifi

Mama Pindo, fundi wa sare za shule, alipomaliza dawa za kifua kikuu alirudi kazini bila kumwomba mtu radhi. Bosi alikuwa ameitoa cherehani yake na kuiweka kwenye korido, jirani na choo. Mama Pindo akaikokota mwenyewe kuirudisha ndani, miguu ya chuma ikikwaruza sakafu mpaka watu wakaziba masikio.

"Mimi ni wa hapa," akasema. "Kliniki wameshasema nimepona. Anayeogopa ahame yeye."

Mafundi wakacheka chini chini, isipokuwa wifi yake, mdogo wa mumewe, aliyeketi mbele yake. Huyo hata uso hakuinua.

Tangu asubuhi Mama Pindo alikuwa na macho juu yake. Cherehani ya wifi ilikuwa ikinguruma, lakini kitambaa hakisogei. Mabega yanatikisika, kichwa kimeinama, kisha anapangusa mdomo kwa kipande cha bitana. Fundi gani anashona hewa?

Mchana akaja mhudumu wa afya, mama mmoja mwenye mkoba wa vikopo vya makohozi. Alikuwa akiwafuatilia wote waliokaa karibu na Mama Pindo alipokuwa mgonjwa.

"Kuna anayekohoa hapa?"

"Wote wazima," akajibu bosi upesi.

Cherehani ya wifi ikanguruma kuliko zote. Mhudumu akashukuru, akageuka kuondoka.

Mama Pindo akapandwa na hasira. Nchi nzima inatangaziwa kuumaliza ugonjwa huu, utaisha vipi ukifichwa chini ya pedali? Akainama, akauchomoa mkanda wa cherehani ya wifi. Mashine ikanyamaza ghafla. Kikohozi kikabaki peke yake chumbani, kirefu, kikavu, kila mtu akisikia.

Mhudumu akasimama mlangoni.

"Wifi, umeniua!" Machozi yalikuwa yakimlengalenga yule aliyekohoa. "Watanifukuza!"

"Mimi si walinipeleka chooni? Niko wapi sasa? Chukua kikopo. Na ukianza dawa utakojoa mkojo mwekundu, usije ukaniambia nimekuroga."

Wifi akacheka bila kupenda, kicheko kikageuka kikohozi tena. Akanyoosha mkono, akapokea kikopo.

"Nenda naye kliniki," mhudumu akamwambia Mama Pindo. "Asiende peke yake."

Bosi akaja juu. "Sare hazijaisha! Anayetoka asirudi. Hiyo mashine nampa mtu mwingine leo hii."

"Bosi, umefunga madirisha eti vumbi lisichafue vitambaa. Hewa anayokohoa huyu unaivuta wewe pia. Fungua, halafu upange foleni ukapimwe."

Fundi wa vifungo akainuka, akafungua dirisha la kwanza bila kungoja ruhusa.

Mama Pindo akamshika wifi mkono, mkanda ameuning'iniza shingoni.

"Acha huo mkanda!" bosi akafoka.

"Utaupata tukirudi," akasema, tayari yuko nje. "Sote wawili."