Siku Nilipopimwa Kuwa Senta Hafu wa Chuo

Mwaka wa 1966 nilikuwa senta hafu wa shule yetu ya sekondari pale Busia, na kwa maoni yangu hakukuwa na mwingine kama mimi kutoka Malaba mpaka Kisumu. Senta hafu ndiye anayeongoza mchezo: anapokea mpira, anainua kichwa, anaamua uende wapi. Mimi nilipenda sana ile sehemu ya kuinua kichwa.

Tukasikia kwamba Mwalimu Kariuki, kocha wa chuo kimoja cha ualimu, atakuja kutazama mechi yetu na vijana wa Funyula. Chuo kilikuwa tayari kumpa nafasi mchezaji mmoja mzuri. Vitabu nikavifunga hapo hapo. Nikampelekea mama habari Malaba, naye akapanda lori la mahindi akaja na karanga za kukaanga, pamoja na shati jipya la mimi kuvaa chuoni.

Mechi ikaanza. Nilielekeza kila mtu kwa kidole, hata kipa. Nilipiga pasi ndefu za kupendeza. Mbili ziliingia shamba la mihogo na moja ikamgonga padri. Zaidi ya wote nilimkaripia Etyang, winga wetu, kijana mpole, kwa sababu kila nilipomtafuta alikuwa mahali ambapo mpira wangu haukuwa. Tulishinda mbili bila, mabao yote yake. Niliona ni matunda ya uongozi wangu.

Kariuki akaniita pembeni.

"Nani alikufundisha kupiga pasi?"

"Nilijifundisha mwenyewe, mwalimu."

"Inaonekana."

Nikamshukuru.

Akaniwekea mpira, akaniambia niupige kwa mguu wa kushoto. Niliukosa, nikaanguka kwa makalio.

"Huo mguu huwa unautumia kufanya nini?"

"Kusimamia, mwalimu."

Hakucheka, na hilo ndilo liliniuma. Akaketi nami kwenye nyasi.

"Unauona mchezo vizuri, Ekisa. Unajua mpira unafaa kwenda wapi. Shida ni kwamba miguu yako haijui. Nikikudanganya leo, utaaibika mbele ya watu wengi zaidi. Namchukua Etyang. Wewe una mtihani wa Cambridge wa kumaliza sekondari. Soma, uingie kama wengine wanavyoingia."

Mama alikuwa amesimama karibu. Nilingoja anitetee.

"Hata mimi niliona," akasema. "Mpira ulikuwa unakukimbia."

Kisha akampa Etyang lile shati, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa anaenda chuoni. Likamkaa vizuri kuliko ambavyo lingenikaa mimi.

Wiki nzima sikumsemesha Etyang. Mwishowe alikuja bwenini akaketi kitandani kwangu.

"Hesabu zinanishinda," akasema. "Nikianguka mtihani, chuo kitanirudisha nyumbani. Nisaidie."

Nilitaka kukataa, lakini kuombwa msaada kulinipendeza kuliko kununa. Tukasoma pamoja mpaka mtihani. Alipita. Mimi pia nilipita, si kwa kishindo, nikaingia chuo kile kile.

Siku ya kwanza nilijitokeza mazoezini, maana ugonjwa wa mpira hauponi haraka. Kariuki akanikabidhi kibendera cha mwamuzi wa pembeni. Nilikimbia kando ya mstari nikiwa na furaha kubwa, na mara ya kwanza nilipokiinua kusema Etyang ameotea, alikuwa hajaotea.