Dole Gumba la Saa Nne

Ndani ya chumba cha kufulia cha hospitali hakuna anayezungumza kwa sauti ya kawaida. Mashine sita zinazunguka kwa pamoja, na ile ya kunyoosha shuka inatoa mvuke na kukoroma kama mtu mwenye pumu, hivyo ukitaka kumwambia mwenzako neno unamsogelea sikioni, au unaliacha. Mama ninayemsimulia hapa alifanya kazi humo miaka kumi na mmoja, na alikuwa ameshazoea kuliacha. Kazi yake ilikuwa kupokea mafurushi kutoka wodini, kuyafungua kwa glavu nzito, kutenga yenye damu na yasiyo na damu, na kupapasa mifuko ya makoti ya madaktari. Kalamu moja ikisahaulika mfukoni, shuka arobaini zinatoka na wino, na msimamizi anakuuliza kama umeajiriwa udobi au uchoraji.

Nyumbani alikuwa na binti mmoja wa miaka kumi na mitano, ambaye tangu alipojua kusema hakunyamaza. Baba yake ndiye aliyempa jina la Kasuku, nalo likamganda. Baba huyo, fundi wa majokofu, alikuwa ameachana na mama miaka minne nyuma, bila makelele mengi, akaoa tena upande wa pili wa mji. Mama na Kasuku wakabaki wawili katika vyumba viwili.

Mama alitoka kabla binti hajaamka, akarudi alasiri miguu imevimba, na hapo akili yake ilikuwa imebaki na nafasi ya kupika na kulala tu. Basi maongezi yao yakahamia kwenye simu. Kasuku hakupenda kuandika, yeye alirekodi. Alituma sauti za dakika sita, saba, kuhusu mwalimu aliyekuja na soksi za rangi mbili akakana kwamba ni za rangi mbili, kuhusu rafiki aliyemnunia, kuhusu ndoto ambayo hata mwenyewe hakuielewa lakini aliisimulia mpaka mwisho.

Mwanzoni mama alifurahia. Kila siku saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko, alikaa kwenye benchi nyuma ya jengo na kikombe cha chai, simu sikioni, akicheka peke yake. Kisha akagundua kwamba sauti inaweza kuharakishwa, akaanza kumsikiliza mwanawe akiwa mbio kama kuku anayefukuzwa. Baadaye akawa anasikiliza nusu. Mwishowe hakufungua kabisa. Alibonyeza ile picha ya dole gumba lililosimama, akaituma, akarudi kwenye mashine. Moyoni alisema: nitasikiliza jioni. Jioni ikija, usingizi nao unakuja.

Ilikuwa Ijumaa, shule zimefungwa siku iliyotangulia. Asubuhi ile wodi nzima ilikuwa inapakwa rangi, na kila kitambaa kilichokuwa ndani yake, mpaka mapazia, kililetwa kufuliwa. Saa nne mama alikunywa chai amesimama. Simu ilionyesha ujumbe wa sauti wa Kasuku, dakika tatu na sekunde kumi. Akashangaa kidogo kwamba leo mwanawe ana haraka. Akatuma dole gumba, akavaa glavu.

Alipofika nyumbani saa kumi, jirani alimkabidhi ufunguo. Ndani kulikuwa kumefagiwa. Rafu ya Kasuku ilikuwa tupu, imebaki na daftari za zamani na sweta lisilomtosha. Fikra ya kwanza ilikuwa wezi, lakini mwizi gani anayekunja shuka na kupanga mito? Akapiga simu, haikupokelewa. Hapo ndipo alipoukumbuka ule ujumbe.

Akaufungua akiwa wima katikati ya chumba. Sauti ikatoka mbio, kama alivyokuwa ameizoesha. Akaisimamisha, akairudisha mwendo wake, akaanza upya.

"Mama, hii usikilize, si habari za shule. Baba amesema naweza kuhamia kwake. Jana nilitaka nikwambie uso kwa uso, ukasinzia na sahani mkononi, nikaichukua nikaiosha. Sikulaumu. Lakini humu ndani, mama, kutwa nzima naongea na simu. Kule kuna mtoto, kuna cherehani, kuna watu. Sasa mwenye kusema ni wewe. Ukisema nibaki, nitabaki, wala sitanuna. Ukisema niende, baba atanifuata saa sita."

Chini ya ujumbe huo, lilikuwa limesimama dole gumba lake.

Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Ya mama huyu yalikuja siku ileile, hata mkwe hajapatikana. Alikaa kwenye kitanda cha binti yake akalitazama lile dole, akatamani lingekuwa limetumwa na mkono wa mtu mwingine. Alijaribu kulifuta, likagoma. Muda wa kufuta ulikuwa umepita.

Kasuku alipopiga simu baadaye kidogo, mama alikuwa na nafasi ya kusema ukweli, na hakuusema. Aliona kwamba kumwambia mtoto "nilikuaga bila kujua nakuaga" ni kumtupa mara mbili. Akasema amemsikiliza tangu asubuhi, akaona si vibaya akakae na baba yake kidogo.

"Sawa, mama," Kasuku akasema, kisha akauliza kama amekula.

Kwa wiki tatu zilizofuata mama alifanya kitu kimoja kila alasiri. Alirudi, akavua viatu, akafungua jumbe za nyuma alizowahi kuzijibu kwa dole gumba, akazisikiliza moja baada ya moja kwa mwendo wa kawaida. Zilikuwa zaidi ya mia. Katika mmoja Kasuku alikuwa na homa, anauliza dawa imewekwa wapi. Dole gumba. Katika mwingine aliimba wimbo mzima aliofundishwa shuleni, akaomba aambiwe kama sauti inatetemeka. Dole gumba. Wa mwezi wa pili ulikuwa mfupi: "Mama, kama unanisikia, niandikie neno kitunguu." Na chini yake, bila aibu, dole.

Huo wa kitunguu aliurudia mara tano. Ulimaanisha kwamba mtoto alishajua.

Kazini alianza kukosea. Siku moja alichanganya mashuka ya upasuaji na taulo za jikoni, na mwenzake wa mashine ya kunyoosha, mama wa makamo aliyelea vijana wanne, akamvuta mpaka kwenye benchi la nje na kumuuliza nani amefariki. Mama akamweleza yote, pamoja na uongo wake. Yule mwenzake alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa jasho kwa kanga.

"Shoga, mficha uchi hazai," alisema. "Nenda ukamwambie kwa mdomo wako. Na hiyo simu iache kwenye mkoba."

Siku yake ya mapumziko akaenda. Mke wa fundi majokofu alikuwa kwenye cherehani sebuleni, vipande vya sare za shule vimezagaa sakafuni, mtoto mdogo anatambaa juu yavyo. Alimkaribisha kwa jina la dada, akampa kiti, kisha akambeba mtoto akasema anakwenda kununua uzi. Kulikuwa na uzi wa kila rangi mezani. Wema ule ulimchoma mama kuliko matusi, kwa sababu aliona wazi kwamba mwanamke huyu anajua kusikiliza hata kitu ambacho hakijasemwa.

Kasuku alikaa chini, akawa anaokota vipande vya kitambaa na kuvipanga kwa ukubwa.

"Mwanangu, ule ujumbe sikuusikiliza," mama alisema. "Nilituma dole gumba bila kuufungua. Halafu nikakudanganya."

"Najua, mama."

"Unajuaje?"

"Ukishasikiliza, ile alama ya kipaza sauti inageuka bluu kwangu. Iligeuka saa kumi. Nilikuwa nimeshafika huku."

Mama hakuwahi kujua kwamba simu humwambia mtumaji mambo kama hayo. Miezi yote ile aliyodhani anaficha uchovu wake, mtoto alikuwa akihesabu alama ambazo hazikugeuka.

"Kwa hiyo ulijua sijasema uende."

"Nilijua."

"Mbona ukaenda?"

Kasuku aliacha vitambaa. "Nilikaa juu ya begi mpaka saa sita naitazama. Nikasema ikigeuka tu, hata usiponijibu, nabaki. Baba akapiga honi."

Mama alimwomba radhi, si mara moja. Akamwomba pia arudi. Kasuku alilia, akamkumbatia, na akasema hapana. Muhula unaanza, amezoea, na hapa kuna mtu mchana. Atakuja kila Jumamosi. Mama alikuwa na maneno ya kubishana, lakini alipoyatafuta aliona hana haki nayo, akayaacha. Njiani kurudi alijiambia kwamba amesamehewa, na alikuwa amesamehewa kweli. Ila msamaha wa mtoto haukumwondolea lile begi mbele ya macho.

Tangu hapo hakutuma tena picha yoyote badala ya jibu. Akiwa hana nafasi aliandika, "Bado sijasikiliza," na aliposikiliza alijibu kwa sauti yake, mashine zikinguruma nyuma. Lakini jumbe zenyewe zilikuwa zimepungua. Kasuku alikuwa na watu wa kuzungumza nao, na mama alipata mbili, tatu kwa wiki, za dakika moja. Saa nne alikaa kwenye benchi na chai yake, muda tele, na mara nyingi simu haikuwa na kitu.

Ahadi ya Jumamosi ilitimizwa. Walifua pamoja, wakapika, Kasuku akaongea. Mwaka ukapita hivyo, na mwingine.

Siku matokeo ya mtihani wa mwisho yalipotoka, mama alikagua simu tangu asubuhi mpaka msimamizi akamkemea. Hakikuingia chochote. Saa tisa alipotoka alimkuta Kasuku amesimama langoni karibu na mlinzi, amevaa gauni lililoshonwa na mama yake wa kambo, anacheka kabla hajasema neno. Alikuwa amefaulu. Mama alimshika uso kwa mikono inayonuka sabuni ya hospitali, akalia mbele ya watu.

Alipotulia akauliza kwa nini hakumtumia ujumbe mapema.

"Nilitaka hii nikwambie mwenyewe," Kasuku alisema.

"Baba yako anajua?"

"Anajua. Tulikuwa naye mezani asubuhi."

Mama akasema vizuri sana, akampa mkoba ambebee, wakaanza kutembea.